KUUNGA ORDINATERI YA ZAMANI NA ILE MPYA NYUMBANI



Katika nyumba nyingi za Uvira, toka Kavimvira mpaka Kalundu, utakuta ordinateri moja ya zamani imefunikwa kitambaa pembeni ya chumba. Ni nzito, inapiga kelele, na ndani yake iko Windows XP, ile iliyotoka mwaka 2001. Jamaa wamekwisha kununua ingine mpya ya kubeba mkononi, na ile ya zamani wanasema imekufa. Hapana, haijafa. Ndani yake mna kazi ya mwisho ya masomo ya kaka mkubwa, picha za ndoa, mahesabu ya duka, maandiko ya shamba. Katika ofisi za shule mna pointi za wanafunzi waliomaliza zamani, ambao leo wanarudi kuomba vyeti vyao.

Sisi watu wa Uvira tunajua karatasi inavyopotea. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda tena na kuingia katika nyumba za ng'ambo. Kwa hiyo maandiko yanayokaa pahali pamoja tu yako katika hatari. Basi leo tunaeleza namna ya kuunga mashini mbili, ili vitu vya ile ya zamani vipite kwenda mpya.

Kwa nini tusitumie kle tu?

Kle ni nzuri kwa vitu vichache. Lakini mashini za zamani sana ziko na tundu za USB za kwanza, ambazo hazipitishi zaidi ya megabaiti 1 hivi kwa sekunde. Kwa gigabaiti 4 utangoja zaidi ya saa moja. Waya wa rezo wa kawaida (megabiti 100) unapitisha megabaiti 10 hivi kwa sekunde, na gigabaiti zile zile 4 zinapita kwa dakika 7 hivi. Hapa kwetu umeme unakatika bila kupiga hodi, kwa hiyo dakika 7 na saa moja si kitu kimoja.

1. Waya

Waya wa rezo unauzwa sokoni pamoja na fishi zake mbili. Ndani yake mna nyuzi 8, zimesokotwa mbili mbili. Katika waya wa megabiti 100, nyuzi 4 tu ndizo zinazofanya kazi: ya 1 na ya 2 ni za kusema, ya 3 na ya 6 ni za kusikia. Ukiunga mashini mbili za zamani kwa waya ulionyooka, kinywa kinakutana na kinywa, sikio na sikio, hakuna anayemsikia mwenzake. Ndiyo maana zamani watu walitafuta waya wa kupishana, ambao upande mmoja 1 na 2 zimebadilishana pahali na 3 na 6. Mashini za siku hizi zinajua kugeuza zenyewe. Kwa hiyo, moja ikiwa mpya, waya wowote mzima kwa kawaida unatosha. Kama ile mpya haina tundu la rezo, kuna kifaa kidogo kinachoingia katika USB na kuleta tundu lile.

2. Namba za nyumba

Mashini zisizo na anwani hazipatani. Tunaipa kila moja namba yake: ya zamani 192.168.1.1, na mpya 192.168.1.2. Pahali panapoombwa maski tunaandika 255.255.255.0 katika zote mbili. Maana yake ni nini? Namba tatu za kwanza ni kama jina la avenyu, na ile ya mwisho ni kama namba ya parsele. Maski ndiyo inayosema mahali avenyu inapoishia. Basi avenyu lazima iwe moja na parsele ziwe mbalimbali. Ukizipa zote namba moja, barua haitajua iingie kwa nani.

3. Kufungua dosiye moja tu

Katika ile ya zamani, weka vitu unavyotaka katika dosiye moja, uite kwa mfano VITU. Bonyeza juu yake kwa kidole cha kuume, tafuta neno la kugawana, kisha ukubali. Usigawane diski yote. Mgeni hatembezwi vyumba vyote vya nyumba, anakaribishwa sebuleni.

Kisha, katika ile mpya, fungua dirisha jeusi la kuandikia amri na uandike: ping 192.168.1.1. Kama majibu yanarudi pamoja na hesabu ya wakati, waya na namba ni sawa. Kama hakuna jibu, tazama kwanza taa ndogo pembeni ya fishi. Taa ikizimika, kosa ni la waya. Taa ikiwaka, kosa ni la namba, ama ukuta wa kulinda wa Windows umefunga njia.

4. Lugha ya wazee

Hapa ndipo wengi wanakwama. Ping inajibu, lakini dosiye haifunguki. Sababu ni kwamba XP inajua lugha moja tu ya kugawana, iitwayo SMB1. Toka mwaka 2017, Windows mpya zilianza kuiondoa lugha hiyo. Si kwa kiburi. Tarehe 12 Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry vilipita katika tundu la lugha hiyo, vikafunga zaidi ya ordinateri 200,000 duniani. Hata hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Na XP yenyewe ilikwisha kuachwa na watengenezaji wake toka tarehe 8 Aprili 2014.

Basi tufanye nini? Tunafungua mlango kwa muda mfupi, tena kwa masharti. Kwanza, ondoa ile mpya katika intaneti: zima wifi, zima modemu, ubaki waya mmoja tu kati ya mashini mbili. Pili, katika mpya nenda pahali pa kuongeza na kupunguza sehemu za Windows, tafuta SMB 1.0, uwashe sehemu ya mteja peke yake, kisha uzime mashini na kuiwasha tena. Tatu, andika katika mstari wa anwani: \\192.168.1.1\VITU. Ikiomba jina na neno la siri, andika yale ya mashini ya zamani.

5. Kunakili, siyo kuhamisha

Nakili, usihamishe. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, huenda kitu kikaharibika na usijue kiko wapi. Ukinakili, cha asili kinabaki kwake. Ile mpya iko na batiri, lakini ya zamani haina, nayo ndiyo itakayokufa ghafula. Kwa hiyo peleka dosiye ndogo ndogo, ukianza na zile zisizo na mfano pengine. Programu za zamani ziache huko, chukua maandiko, picha na sauti tu. Pitisha vyote katika programu ya kutafuta virusi kabla ya kufungua. Maandiko ya zamani yakikataa kufunguka, LibreOffice inasoma mengi yake, na haiuzwi.

6. Kufunga mlango

Ukimaliza, rudi ukazime SMB 1.0, toa waya, rudisha namba za mpya kama zilivyokuwa, ndipo uwashe wifi. Usiache kazi hii kwa kesho.

Na ikiwa ile ya zamani haiwaki kabisa? Bado kuna tumaini. Mara nyingi diski yake ni nzima. Fundi anaweza kuitoa na kuiunga na mpya kwa kifaa cha USB kinachofaa diski za zamani, na vitu vikasomwa kama katika kle.

Ndugu wanafunzi, neno la mwisho ni hili. Kitu kilicho katika mashini moja tu, hata mpya, bado hakijaokoka. Fanya nakala ya pili katika kle, uiweke kwa mjomba ama shangazi anayekaa mbali na mto na ziwa. Wazazi wetu waliandika mengi katika mashini hizi, na mikono ya kuyavusha ni yetu. Anayetaka kujaribu aanze na dosiye moja ndogo, Jumamosi hii, umeme ukiwepo.