Jumba, Nasaba na Mgeni: Makao ya Warajput Katika Vijiji vya Rajasthan Kama Matini Simulizi

Utangulizi

Takriban kilomita 40 kusini mwa mji wa Jodhpur, katika jimbo la Rajasthan nchini India, kipo kijiji cha Rohet. Kando ya ziwa dogo la kijiji hicho limesimama jumba ambalo asili yake ni mwaka 1622, na ambalo hadi leo ni makao ya ukoo wa Kirajput uliopewa eneo hilo kuwa milki yake. Mgeni alipiaye chumba katika makao ya aina hii hupakwa rangi nyekundu kipajini na kuvikwa shada la maua. Kabla usiku haujaingia, aghalabu huwa amekwisha kuonyeshwa picha za mababu ukutani, ametajiwa majina yao na kusimuliwa vita walivyopigana. Mwandishi Mwingereza Bruce Chatwin alikaa Rohet akiandika sehemu ya kitabu chake The Songlines, kilichochapishwa mwaka 1987.

Swali linaloyaongoza makala haya ni hili: je, mgeni wa namna hiyo hununua nini hasa? Jibu linalopendekezwa ni kwamba hununua masimulizi, na kwamba kitanda na chakula ni ziada tu. Ikiwa ndivyo, basi yafaa makao haya yaulizwe maswali yale yale ambayo mwanafunzi wa fasihi simulizi huuliza kuhusu utendaji wowote. Fanani ni nani? Hadhira ni nani? Na ni sauti ya nani isiyosikika?

Asili ya Makao Haya

Neno Rajput linatokana na neno la Kisanskriti rajaputra, lenye maana ya mwana wa mfalme. Koo za Kirajput hujinasibisha na jua, mwezi au moto. Wasisodia wa Mewar, kwa mfano, hudai asili ya jua, ilhali Wabhati wa Jaisalmer hudai asili ya mwezi. Koo hizi ndizo zilizoasisi miji mashuhuri ya eneo hilo: Jaisalmer mwaka 1156, Jodhpur mwaka 1459 na Jaipur mwaka 1727.

Hata hivyo, mfalme hakuitawala nchi peke yake. Aliwagawia ndugu zake na maamiri wake maeneo ya mashambani, nao kwa upande wao walimpelekea askari wa farasi wakati wa vita na sehemu ya mapato wakati wa amani. Mwinyi wa eneo kama hilo aliitwa thakur, au rawat na rao kwa kadiri ya cheo chake, na milki yake iliitwa thikana. Katika ufalme wa Mewar, makabaila wa daraja la kwanza walikuwa 16. Mmoja wao alikuwa rawat wa Deogarh, ambaye kasri ya ukoo wake ilijengwa mwaka 1670. Mpango huu wa utawala ndio unaoeleza kwa nini ngome na makasri ya Rajasthan hayapatikani mijini tu, bali yametapakaa hadi katika vijiji vya mbali kabisa, kwenye vilima vya Aravalli na ukingoni mwa jangwa la Thar.

Ramani ya majumba haya hufanana. Kuna lango kuu lenye kimo cha kumpitisha tembo, kisha ua wa nje, kisha mardana, yaani sehemu ya wanaume iliyokuwa na baraza ya kusikizia mashauri. Nyuma yake ipo zenana, sehemu ya wanawake. Roshani za zenana zilizibwa kwa mawe yaliyotobolewa kwa ustadi, ili aliye ndani aone bila ya kuonekana. Msomaji anayezijua nyumba za mawe za Lamu, zenye daka la kupokelea wageni na ndani ya kutawishia wanawake, hatashindwa kuielewa falsafa ya ujenzi huo.

Kuanguka kwa Milki na Kuzaliwa kwa Hoteli

India ilipopata uhuru mwaka 1947, wafalme walishawishiwa kuziunganisha falme zao na taifa jipya, na tarehe 30 Machi 1949 falme kubwa za Kirajput zikaungana katika jimbo la Rajasthan. Wafalme waliahidiwa ruzuku ya kila mwaka kutoka hazina ya serikali. Ruzuku hiyo pamoja na vyeo vyao viliondolewa na badiliko la 26 la Katiba mwaka 1971, wakati wa utawala wa Indira Gandhi.

Makabaila wa vijijini walipatwa na tufani hiyo mapema zaidi. Sheria ya Rajasthan ya mwaka 1952 iliyatwaa mashamba ya milki zao kwa fidia, ili waliokuwa wakiyalima wapate haki juu ya ardhi. Kwa mkulima aliyekuwa akitozwa mazao na kulazimishwa kufanya kazi bila ujira, hilo lilikuwa tukio la ukombozi. Kwa thakur, lilimaanisha kubaki na jumba la makumi ya vyumba lisilo na shamba la kulilisha. Mapaa yakaanza kuvuja na kuta kumeguka. Baadhi ya koo zilihamia mijini, nyingine zikauza silaha na samani zao.

Njia ya kujinusuru ilikuwa imeanza kuonyeshwa na wafalme wenyewe. Kasri ya Rambagh mjini Jaipur ilifanywa hoteli mwaka 1957, nayo kasri iliyo katikati ya ziwa mjini Udaipur ikafuata mwaka 1963. Baadaye makabaila wa vijijini wakaiga mfano huo kwa vyumba vichache vichache, wakiendelea kuishi katika sehemu moja ya jumba na kuwapangishia wageni sehemu nyingine. Si kila jumba, hata hivyo, lilibaki mikononi mwa ukoo wake. Ngome ya Neemrana, iliyojengwa mwaka 1464, ilikuwa gofu ilipochukuliwa na Aman Nath na Francis Wacziarg mwaka 1986. Waliikarabati na kuifungua kuwa hoteli mwaka 1991. Serikali ya India nayo imeanzisha daraja maalum la hoteli za urithi kwa majengo ya kabla ya mwaka 1950.

Ni haki kukiri kwamba bila ya wageni hawa, mengi ya majumba haya yangalikuwa leo makao ya popo. Fedha za utalii huwalipa waashi, wapishi, wafumaji wa mazulia na waongoza farasi. Lakini fedha hizo pia zimebadilisha jambo moja la msingi: zimemfanya mwenye nyumba kuwa msimulizi wa kulipwa.

Jumba Kama Matini Simulizi

Zamani thakur hakujisifu kwa kinywa chake. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Walikuwapo Wacharan, tabaka la malenga walioheshimiwa kiasi cha kuhesabiwa watakatifu, waliotunga tenzi za sifa na za shutuma kwa lahaja ya kishairi iitwayo Dingal. Walikuwapo pia waandishi wa khyat, yaani tarikh za nathari. Mashuhuri miongoni mwao ni Nainsi, waziri wa Marwar wa karne ya 17. Fauka ya hao, katika wilaya za Jaisalmer na Barmer waliishi, na wangali wanaishi, Wamanganiyar, ambao ni Waislamu na manju wa kurithi wa koo za Kirajput zilizo za Kihindu. Kila familia ya manju ilikuwa na familia ya wafadhili wake. Mtoto alipozaliwa, harusi ilipofanyika au mzee alipofariki, Mmanganiyar alifika na zeze lake la kamaicha, akaitaja nasaba ya mfadhili kizazi baada ya kizazi, naye akatunzwa nafaka, mbuzi au hata ngamia.

Kuna tabaka jingine juu ya haya. Ofisa Mwingereza James Tod alichapisha juzuu mbili za historia ya Rajasthan mwaka 1829 na 1832, akitegemea kwa kiasi kikubwa masimulizi ya malenga hao. Tod aliwapenda Warajput na kuwachora kwa sura ya mashujaa wa Ulaya ya kale. Picha hiyo ikarejea India kwa Kiingereza, ikasomwa na Warajput wenyewe, na sehemu yake ndiyo anayopewa mgeni leo mezani. Hivyo, ngano iliyotoka kinywani mwa Mcharan imepita kitabuni na kurudi kinywani, ila kwa lugha nyingine na kwa hadhira nyingine.

Utendaji wa siku hizi una mpangilio unaotambulika. Mgeni husalimiwa kwa khamma ghani, salamu ya heshima ya Kirajasthani. Hupitishwa penye mikuki, ngao na picha za uwindaji. Jioni huandaliwa nyama ya mbuzi iliyoungwa kwa pilipili nyekundu, mkate wa uwele, na mboga ya ker na sangri, ambayo ni matunda na maganda ya miti ya jangwani. Kisha waimbaji huketi uani na kuimba kwa muda mfupi. Wimbo uliokuwa wa kumkaribisha mtoto katika nasaba yake hugeuka kuwa kiburudisho cha watu wasiomjua mtoto huyo. Maneno huenda ni yale yale, bali dhima imebadilika: palipokuwa na kifungo cha vizazi viwili, sasa pana ujira wa usiku mmoja.

Hata hivyo, si busara kuomboleza tu. Mtafiti Komal Kothari (1929–2004), aliyeianzisha pamoja na mwandishi Vijaydan Detha taasisi ya Rupayan Sansthan katika kijiji cha Borunda mwaka 1960, alizirekodi nyimbo za Wamanganiyar na kuwafikisha waimbaji hao kwenye majukwaa ya kimataifa. Tangu wakati huo manju hawa wamekuwa na hadhira isiyotegemea hisani ya thakur mmoja.

Sauti Zisizosikika Ukumbini

Picha zilizotundikwa ukumbini kwa kawaida ni za wanaume. Wanawake wa jumba wameacha alama za namna nyingine. Katika lango moja la ngome ya Mehrangarh mjini Jodhpur zipo alama za viganja vya wake wa wafalme waliochomwa pamoja na maiti za waume zao, zikiwemo za wajane wa Maharaja Man Singh, aliyefariki mwaka 1843. Mgeni huzipiga picha na kupita.

Lakini zenana haikuwa kaburi la sauti. Mirabai, binti wa Kirajput wa karne ya 16 aliyeolewa katika ukoo wa kifalme wa Mewar, aliukataa utawa huo na kutunga nyimbo za mapenzi ya Mungu ambazo zingali zikiimbwa India nzima, hata na watu wa matabaka ya chini kabisa. Karibu zaidi na wakati wetu yupo Rani Laxmi Kumari Chundawat, aliyezaliwa mwaka 1916 akiwa binti wa rawat wa Deogarh, ukoo ule uliokwisha kutajwa. Alilelewa katika utawa, akautoka, akachaguliwa kuingia katika bunge la jimbo mwaka 1962, na akakusanya na kuandika hadithi za jadi kwa Kirajasthani hadi akatunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 1984. Alifariki mwaka 2014. Yeye ni ushahidi kwamba ghala la fasihi la jumba halikuwa katika ukumbi wa silaha peke yake.

Sauti ya pili ni ya wanakijiji. Si mbali na Jodhpur kipo kijiji cha Khejarli cha jamii ya Wabishnoi, ambao dini yao huwakataza kukata mti mbichi. Mwaka 1730, askari wa Maharaja Abhay Singh walitumwa huko kukata miti ya khejri ili ichomee chokaa ya kujengea kasri. Mwanamke aitwaye Amrita Devi aliukumbatia mti, akauawa, na kwa mujibu wa kumbukumbu za jamii hiyo watu 363 waliuawa kwa jinsi hiyo kabla mfalme hajatoa amri ya kusitisha. Maganda ya mti huo huo wa khejri ndiyo sangri anayoandaliwa mgeni jumbani. Wageni wa Rohet hupelekwa kwa gari katika vijiji vya Wabishnoi. Atakayesikiliza huko atatambua kwamba chokaa ya makasri ina historia ambayo picha za ukutani haziitaji.

Sauti ya tatu ni lugha yenyewe. Masimulizi kwa wageni hutolewa kwa Kiingereza. Kirajasthani, lugha ya Wacharan, ya Nainsi na ya Chundawat, hakimo katika orodha ya lugha 22 za Jedwali la Nane la Katiba ya India, licha ya azimio la bunge la Rajasthan la mwaka 2003 la kuomba kitambuliwe. Jumba limepewa daraja la urithi, ilhali lugha iliyolipa jumba hilo jina na sifa ingali inabisha hodi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa makao ya Warajput vijijini ni matini yenye wasimulizi wengi, ingawa mgeni humsikia zaidi mmoja. Utalii umeyaokoa majengo na kuwapa wengi riziki. Bado haujahakikisha kwamba masimulizi ya zenana, ya manju na ya mkulima yanahifadhiwa kwa bidii ile ile inayotumika kukarabati roshani. Kuta zikimeguka, mwashi atazijenga upya. Mmanganiyar akifariki bila ya kurithisha nasaba aliyoihifadhi kichwani, hakuna fundi wa kuirejesha.

Suala hili halikosi mafunzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyumba zake kadhaa za mawe zimekuwa za kulaza wageni. Huko nako yafaa kuulizwa ni nani anayemsimulia mgeni, kwa lugha gani, na ni tungo za nani zilizotungwa ndani zisizotajwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msafiri wa Rajasthan aghalabu huondoka kabla ya siku ya tatu. Angalikaa, jembe lake lingalikuwa kutoka nje ya lango kuu, kushuka kijijini na kusikiliza.