Pato la Taifa Halioni Shimo

Nauru ni kisiwa cha kilomita za mraba 21 tu katika Bahari ya Pasifiki. Tangu mwaka 1907 fosfeti yake ilipakiwa melini kwenda kurutubisha mashamba ya Australia na New Zealand. Baada ya uhuru wa mwaka 1968 fedha zikaanza kubaki nyumbani, na katika miaka ya 1970 pato la kila mkazi likawa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Hakukuwa na kodi ya mapato. Serikali ilikuwa na shirika lake la ndege, na mwaka 1977 ikafungua jengo la ghorofa 52 mjini Melbourne. Mwaka 1993 ikagharimia hata tamthilia ya muziki kuhusu Leonardo da Vinci jijini London. Ikafungwa baada ya wiki chache. Mwaka 2004 lile ghorofa likauzwa kwa sababu ya madeni. Kisiwani, karibu asilimia 80 ya ardhi ilikuwa imechimbuliwa, zikabaki nguzo za mawe ya matumbawe zilizochongoka, pasipolimika wala kujengeka.

Watakwimu hawakudanganya. Pato la Taifa hupima thamani ya kilichozalishwa ndani ya mwaka. Halina safu ya kuandikia kilichopungua ardhini. Mfugaji akiuza maziwa amepata pato, akiuza ng'ombe amegusa mtaji. Fosfeti ya Nauru ilikuwa ng'ombe, ikaandikwa maziwa. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato la Marekani, alikwisha kulionya Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa haujulikani kwa kutazama pato lake peke yake.

Benki ya Dunia ina kipimo kinachojaribu kuliona shimo: akiba halisi iliyorekebishwa. Huanza na akiba ya taifa, yaani kinachobaki baada ya wananchi na serikali kutumia. Hutoa uchakavu wa mitambo na miundombinu. Hujumlisha matumizi ya elimu, kwa kuwa kusomesha ni kuwekeza. Kisha hutoa thamani ya madini na mafuta yaliyochimbwa, misitu iliyokatwa kwa kasi kuliko inavyoota, na madhara ya hewa chafu. Jibu likiwa chini ya sifuri mwaka hadi mwaka, nchi inakula mtaji, hata uchumi ukue kwa asilimia 7.

Nakipenda kipimo hiki, ila kinaamini kwamba msitu unaweza kufidiwa kwa madarasa. Tena shilingi ya elimu ni ileile, mwalimu aingie darasani asiingie.

Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilipita njia nyingine katika ripoti yake ya mwaka 2020. Lilichukua Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, inayounganisha afya, elimu na kipato, likaipunguza kwa kadiri ya hewa ukaa na malighafi kwa kila mtu. Norway iliyokuwa ya kwanza ikashuka nafasi 15. Costa Rica ikapanda 37. Norway hiyohiyo ndiyo inayosifiwa kwa kuweka fedha za mafuta kwenye mfuko wa vizazi vijavyo! Kwa akiba ni mfano wa kuigwa, kwa mzigo inaoitwisha dunia haimo hata kumi bora. Ndiyo maana siamini namba moja itatosha.

Mwezi Juni bajeti ikisomwa na waziri akatangaza ukuaji wa uchumi, muulize mbunge wako: katika ukuaji huo, kiasi gani ni madini na magogo tuliyouza, na fedha zake zimewekwa wapi?