Umeme Utokao na Umeme Uingiao Katika Betri

Watu wa Meru na Embu wamezoea betri za namna mbili: zile kavu za tochi na redio, na ile nzito ya gari ambayo wengi waliiweka nyumbani kwa ajili ya taa. Kwa kuwa zote hutoa umeme, huenda mtu akadhani kwamba zote zaweza kuchajiwa. Sivyo. Betri kavu ya kawaida ikilazimishwa kupokea umeme huweza kupasuka.

Betri hiyo ni kopo la zinki, na katikati yake mna kijiti cha kaboni kilichozungukwa na unga mweusi wa manganizi. Tochi ikiwashwa, dawa iliyomo huila zinki polepole, na kuliwa huko ndiko kunakosukuma umeme hadi kwenye balbu. Kazi hii hujiendea yenyewe. Chombo cha namna hii huitwa seli ya galvani, kwa ukumbusho wa Luigi Galvani wa Italia. Kuianika betri juani, kama wafanyavyo watoto, huipa nguvu ya kitambo tu. Zinki iliyoliwa hairudi.

Seli ya elektrolisi ni kinyume chake. Humo umeme hutoka nje na kulazimisha dawa zibadilike jinsi ambavyo hazingebadilika zenyewe. Mwaka 1800 Waingereza William Nicholson na Anthony Carlisle walipitisha umeme majini, wakaona maji yakitengana kuwa haidrojeni na oksijeni. (Mwanafunzi na aangalie: anodi ni mahali ambapo elektroni hupotezwa, basi katika seli ya galvani huwa upande wa hasi, na katika seli ya elektrolisi upande wa chanya.)

Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, hufanya kazi zote mbili kwa zamu. Shule ya Sekondari ya Karamugi, upande wa Meru, ilipowekewa umeme wa jua mwaka 1984, ilitegemea zamu hiyo. Usiku taa zikiwaka, betri ni seli ya galvani: sahani zake hugeuka chumvi ya risasi, na asidi hupungua ukali. Mchana jua likiichaji, ni seli ya elektrolisi, na chumvi ile hurudi kuwa risasi na asidi.

Lakini betri ikiisha kujaa na umeme ukazidi kuingia, maji yenyewe huanza kutengana, kama yale ya mwaka 1800. Haidrojeni itokayo hulipuka kwa cheche ndogo. Kwa hiyo betri ichajiwe mahali penye hewa, mbali na koroboi, mshumaa na sigara. Maji yakipungua, yaongezwe yale ya mvuke yauzwayo kwa kazi hiyo, si ya mto, wala asidi. Tena isiachwe siku nyingi ikiwa imekwisha nguvu, kwa maana chumvi ile huwa ngumu sahanini, na hapo hata umeme wa kuchajia hushindwa kuigeuza.