Kujenga Skuli na Madrasa Isiyodhuru Watoto Wala Ardhi: Jawabu kwa Ndugu Zetu wa Gwarama



Ndugu zetu wa Gwarama, wilaya ya Kakonko mkoani Kigoma, wametuletea swali ambalo si la kila siku. Wamepewa kiwanja cha waqfu na wanataka kujenga vyumba vinne vya skuli (nyinyi wa bara mnasema shule), asubuhi watoto wasome masomo ya serikali na jioni Qur’ani. Wazee wamekwisha choma tanuri moja la tofali na wanataka kuchoma la pili. Vijana wanasema miti imekwisha, na kwamba zipo tofali zisizohitaji kuni. Ugomvi umefika hadi baadhi yao hawapeani salamu msikitini. Wanauliza kama sharia ina neno katika jambo hili, na jengo la namna gani linamfaa mtoto.

Tuanze na hilo la kutosalimiana: hilo ni baya kuliko tofali zote za Kakonko, basi limalizwe leo.

Ama tofali, sharia haikuchagua aina. Imaam Al-Bukhaariy amepokea kutoka kwa Ibn ‘Umar (R.A.) kwamba msikiti wa Mtume (S.A.W.) zama zake ulijengwa kwa tofali mbichi za udongo, paa lake makuti ya mtende na nguzo zake magogo ya mtende. Abuu Bakr hakuongeza kitu. ‘Umar aliupanua kwa vifaa vile vile. ‘Uthmaan ndiye aliyeleta mawe ya kuchonga, chokaa na mbao za msaji. Wote hao ni viongozi wetu, kwa hiyo asiseme mzee kwamba udongo ni unyonge, wala kijana asiseme kwamba jengo la gharama ni dhambi. Katika msikiti ule ule palikuwa na kipenu, Suffa, ambapo masikini na wanafunzi walikaa na kusoma. Na tunajua kutoka kwa Abuu Sa‘iyd Al-Khudriyy (R.A.) kwamba usiku mmoja wa Ramadhani ilinyesha, paa likavuja, na asubuhi Masahaba wakaona alama ya tope kwenye paji la uso wa Mtume (S.A.W.).

Neno la sharia limo katika madhara. Tumekatazwa kufanya uharibifu katika ardhi (Al-A‘raaf 7:56), na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana ni miongoni mwa nguzo za fiqhi yetu. Sasa litazameni tanuri. Linakula miti ya miyombo kwa mkokoteni, katika nyanda ambazo zimebeba pia mahitaji ya kuni ya kambi za wakimbizi kwa miaka mingi: Nyarugusu kule Kasulu tangu 1996, Nduta Kibondo, na Mtendeli hapo hapo Kakonko mpaka ilipofungwa mwaka 2021. Kila mti unaoingia tanurini, mama mmoja anaongezewa hatua za kutafuta kuni ya ugali. Kisha yako mashimo. Mnachimba udongo, mnaacha shimo, mvua inalijaza, mbu wanazaa. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliukuta mkoa wa Kigoma ukiongoza nchi nzima: watoto 24 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea. Mtu anajenga skuli ili aelimishe watoto, na pembeni ya skuli amechimba kisima cha homa! Hayo mashimo ya tanuri la kwanza yafukieni kabla ya jambo lolote jingine.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: tanuri la pili liachwe. Tofali zilizokwisha chomwa zisitupwe, kwani kuzitupa nako ni israfu. Zitumieni kwenye msingi na kwenye vyoo, mahali penye unyevu, kwani huko tofali ya kuchoma ina faida ya kweli. Kuta za juu zijengwe kwa tofali za kufungamana.

Tofali hizi hushindiliwa kwa mashine ya mkono, udongo mwingi na saruji kidogo, ndoo moja ya saruji kwa ndoo nane mpaka kumi na mbili za udongo kwa kutegemea udongo wenyewe. Zina meno na mashimo, moja inashika nyingine, hivyo ukuta unakwenda kwa chokaa au udongo wa kuungia kidogo sana. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, uliopo Dar es Salaam, umezifundisha na kuzitangaza kwa miaka mingi. Si kila udongo unafaa. Wenye mfinyanzi mwingi hupasuka, wa mchanga mtupu haushikani. Jaribio la kwanza ni la bure: jazeni chupa nusu udongo na nusu maji, tikiseni, iacheni mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu, nanyi mtaona kipi kimezidi. Baada ya kushindiliwa zinatakiwa kukaa kivulini zikimwagiwa maji, na ni vizuri zikae wiki nne kabla ya kubeba mzigo. Adui yake ni maji yanayosimama. Ndiyo maana nikasema msingi uwe wa zile za kuchoma, uinuke juu ya ardhi, uwekwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu kupanda, na upenu wa paa utoke mbali na ukuta.

Anayedhani jengo la udongo ni la watu walioshindwa, na amtazame Diébédo Francis Kéré. Huyu alizaliwa kijijini Gando, Burkina Faso, mwaka 1965. Alisoma katika darasa lenye joto na giza, akapata nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akasomea usanifu wa majengo Berlin. Hata hajamaliza masomo alichangisha fedha akarudi kujenga skuli ya msingi kwao. Ilikamilika mwaka 2001. Wanakijiji wenyewe walibeba mawe na maji. Kuta ni za tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Dari nalo ni la tofali, lina matundu. Na paa la bati limeinuliwa juu ya dari hilo kwa fremu ya nondo, kiasi kwamba hewa ya moto inapanda na kutoka, na mtoto aliye chini hapikwi. Mwaka 2004 skuli hiyo ilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan, na mwaka 2022 yeye mwenyewe akapewa Tuzo ya Pritzker, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Hapa jirani, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, amejenga chuo chenye minara ya kupitishia hewa, wazo lake likitoka kwenye vichuguu vya mchwa. Nanyi watu wa Kigoma mnavijua vichuguu, udongo wake ndio mnaoupenda kwa tofali.

Lakini msinakili Gando kama ilivyo. Kule adui ni joto. Nyinyi mko milimani, adui yenu ni mvua, giza na ubaridi wa Juni. Nilipopita katika nyanda hizo niliingia chuo kimoja wakati mvua inanyesha. Bati lilikuwa tupu, halina dari. Maalim aliendelea kufungua kinywa, nami niliyekaa hatua nne kutoka kwake sikusikia herufi. Watoto walikuwa wakiitikia kwa kukisia. Hebu fikirini, mtoto anahifadhi Suurat Al-Mulk kwa kukisia! Basi wekeni dari, hata la mikeka au mbao nyembamba, na acheni nafasi ya hewa kati yake na bati. Linapunguza kelele, na mchana wa kiangazi linapunguza joto.

Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana, ili hewa ipite moja kwa moja. Kifua kikuu na mafua hupenda chumba kilichofungwa chenye watoto wengi. Mimi nilisomea chuoni kwetu Unguja katika chumba chenye kidirisha kimoja na kibatari, na mwenzangu wa mkekani alikuwa na pumu. Alikuwa na hifdhi kutushinda sote, akaacha chuo kwa sababu ya kukosa pumzi. Mpaka leo huwa najiuliza kama dirisha la pili lingemtosha.

Jengo lilazeni refu mashariki kwa magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Hapo jua la asubuhi na la jioni halimpigi mtoto machoni, na kwa kuwa mpo karibu na mstari wa ikweta upenu wa kawaida unatosha kuzuia lile la mchana. Ndani pakeni chokaa nyeupe, inarudisha mwanga. Imepokelewa kwamba ‘Umar (R.A.), alipoamrisha kujenga msikiti, alimwambia fundi awakinge watu na mvua na ajiepushe na rangi nyekundu na manjano zitakazowashughulisha watu. Mkinunua rangi ya dukani, tafuteni iliyoandikwa kwamba haina risasi. Mtoto mdogo akimeza madini ya risasi, mwili wake unanyonya mara nne mpaka tano kuliko wa mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Saruji mtakayookoa kwenye kuta imwageni sakafuni. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu watoto wa madrasa huvua viatu na kukaa chini. Sakafu ya vumbi ni nyumba ya funza. Mdudu huyu si wa kwetu hata. Aliingia Afrika mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili kwenda Angola, akafuata njia za misafara mpaka pwani yetu kabla karne ile haijaisha. Hazai katika sakafu laini inayopigwa deki. Mtoto mwenye funza hatembei vizuri, anachekwa, kisha haji tena.

Radi. Tarehe 27 Januari 2025 wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda, wilaya ya Bukombe, si mbali sana nanyi, waliuawa na radi wakiwa skuli. Allah awarehemu na awape subira wazee wao. Kinga ya radi si kumkimbia Mungu. Ni kumfunga ngamia. Ni fimbo ya shaba juu kabisa ya paa, waya mnene unaoshuka bila kupindapinda, na fimbo nyingine iliyozama katika ardhi yenye unyevu. Kazi hii apewe fundi anayeijua, kwani iliyofungwa vibaya ni hatari zaidi ya kutokuwa nayo. Na ngurumo zikianza, hakuna darasa chini ya mwembe.

Kama mtaongeza bweni baadaye, basi milango iwe miwili, ifungukie nje, na isifungwe kwa kufuli watoto wakiwa ndani. Na madirisha yenye nondo yawe na moja linalofunguka kwa ndani. Septemba 2020, wilayani Kyerwa, Kagera, moto wa bweni katika Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu uliondoka na watoto kumi. Sina zaidi la kusema hapo.

Maji mnayo, yako juu ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Darasa lenye bati la mita za mraba 63, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hata mkipoteza sehemu ya tano, linawapa lita 50,000. Maji ya mwanzo yenye vumbi yamwagwe, na tangi lifunikwe kwa wavu, mbu wasiingie. Vyoo mwongozo wa serikali unasema tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Viwe chini ya kisima kwa mteremko, mita 30 au zaidi kutoka kwake. Tena jengeni mtu akikaa atazame mashariki au magharibi: kwenu Kibla ni kaskazini, kikiinama kidogo kuelekea mashariki. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu choo kilicho ndani ya jengo, lakini kwa nini tuingie kwenye khilafu na bado hatujaanza kuchimba?

Mmegusia pia zaka. Jamhuri ya wanazuoni, na ndio msimamo wa madhehebu yetu ya Shaafi‘iy, zaka haitumiki kujenga majengo, ina watu wake wanane. Jengeni kwa sadaka na waqfu. Masikini wa Gwarama wenye haki ya zaka wapewe mkononi mwao, na mtashangaa wangapi kati yao watakuja na kubeba udongo kwa hiari.

Mvua za kwanza kwenu hufika Oktoba. Tofali zinataka wiki nne, na mashine ya kushindilia itafutwe kabla ya hapo. Basi kamati ikae Ijumaa hii baada ya swala, wazee na vijana pamoja, ile chupa ya udongo ikiwa mezani.

Wallaahu A‘lam.