Fataki ikikwama, usiigonge

Naishi Eldoret, mji wa wanariadha na mahindi. Hapa pia pana kiwanda cha serikali cha risasi, kilichojengwa miaka ya 1990. Ndugu zangu wa Pwani wakinitembelea huniuliza: risasi moja ina nini hata ihitaji kiwanda kizima?

Ina vitu vinne: ganda la shaba, baruti, kichwa cha risasi na fataki. Fataki ni kile kikombe kidogo kwenye kitako cha ganda. Pini ya bunduki ikikigonga, dawa iliyomo hupondeka, moto huruka, baruti huwaka.

Fataki isiposhindiliwa hadi chini, pigo la kwanza huisukuma tu. La pili laweza kuilipua. Na maganda mengi ya kijeshi huminywa ukingoni ili fataki isichomoke, ndiyo maana kuing'oa ni kazi.

Hatari iko hapo. Fataki haingoji bunduki. Pigo la nyundo latosha. Tena Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu asiye na leseni kutengeneza risasi. Ukiokota mabaya haya shambani, usichokonoe. Waondoe watoto, piga 999.