Programu moja kwa simu zote: maswali ya kuuliza kabla ya kumlipa fundi

Vikundi vya wafanyabiashara wa mipakani, kuanzia Busia hadi Rusumo, vimezoea kuendesha mambo yao kwa makundi ya WhatsApp. Bei ya mahindi inatumwa asubuhi, picha ya mzigo inafuata, kisha mtu anauliza shilingi ya Uganda leo inabadilishwa kwa ngapi. Kundi likishakuwa na watu mia mbili, ujumbe wa maana unazama kabla haujasomwa, na wanachama huanza kuzungumzia kuwa na programu yao wenyewe. Hapo fundi huleta bei mbili: moja ya programu ya Android, nyingine ya iPhone. Mweka hazina akijumlisha, mjadala unafungwa.

Bei hizo mbili si lazima tena, na kikundi kinachoambiwa kwamba ni lazima kina haki ya kuuliza sababu.

Wasomaji wa ukurasa huu wanakumbuka lori lilivyokuwa likivuka mpaka kabla ya vituo vya pamoja vya forodha. Lilisimama upande wa kwanza, likakaguliwa, karatasi zikagongwa muhuri, likasogea mita chache na kusimama tena kwa ukaguzi uleule. Programu za simu ziliandikwa kwa mtindo huo. Ya Android iliandikwa kwa lugha ya Java au Kotlin, ya iPhone kwa Swift, na mafundi tofauti. Kosa likionekana lilisahihishwa mara mbili, na mara nyingi upande mmoja ulibaki nyuma.

Tarehe 1 Desemba 2018, marais wa Kenya na Tanzania wa wakati huo, Uhuru Kenyatta na John Magufuli, walizindua kituo cha pamoja cha Namanga. Siku tatu baadaye, kampuni ya Google ilitangaza toleo la kwanza kamili la Flutter, zana ya kuandika programu mara moja na kuitoa kwa Android na iPhone. Matukio hayo hayahusiani kwa lolote, lakini wazo ni lile lile.

Flutter haiko peke yake. React Native ya Facebook ilitangulia, mwaka 2015, nayo hutumia JavaScript, lugha ambayo vijana wengi wanaotengeneza tovuti tayari wanaijua. Kotlin Multiplatform ya kampuni ya JetBrains ilitangazwa kuwa imekomaa Novemba 2023. Hiyo huruhusu mahesabu kuandikwa mara moja huku sura ya programu ikiweza kubaki ya kila aina ya simu. Mfanyabiashara hana haja ya kuchagua kati ya hizo tatu. Achague fundi ambaye tayari ametoa programu kwa mojawapo na anaweza kuionyesha ikifanya kazi.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye mahesabu kuliko kwenye bei ya kutengeneza. Muuzaji wa Arusha ana Android, mnunuzi wa Nairobi ana iPhone. Kama programu zao zimeandikwa na watu wawili, mmoja akakata senti na mwingine akazijumlisha, kila mmoja ataona salio lake na wote watakuwa na ushahidi mkononi. Ugomvi wa namna hiyo huvunja ushirika. Hesabu ikiandikwa mahali pamoja, hata ikikosewa inakosewa sawasawa kwa wote, na inasahihishwa mara moja.

Na mipakani kwetu makosa yana pa kujificha. Kwa viwango vya kimataifa vya fedha, shilingi ya Kenya na ya Tanzania huandikwa na senti, lakini shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na ya Burundi hazina. Fundi asiyejua hilo akigawanya kila kiasi kwa mia, malipo ya 150,000 ya Kampala yatasomeka 1,500. Gunia nalo ni tatizo: la mahindi Kenya huhesabiwa kilo 90, Tanzania mara nyingi kilo 100, na lumbesa ina kilo zake. Programu ihifadhi kilo, neno gunia libaki la kuonyesha tu. Hili lina uzito wa kiforodha pia, kwa sababu cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Jumla ikikosewa, mzigo unaweza kuhamia kwenye utaratibu mrefu ambao mwenye mzigo hakuutarajia.

Kuna na saa. Ukivuka Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda, saa nane mchana inakuwa saa saba. Burundi na Kongo ya mashariki ni hivyohivyo. Oda inayofungwa "saa kumi" imefungwa saa kumi ya nani? Isitoshe, simu huonyesha 16:00 wakati sisi tunasema saa kumi. Programu nzuri huhifadhi wakati mmoja wa dunia na kumwonyesha kila mtu saa ya mahali alipo. Kazi hiyo pia huandikwa mara moja.

Sasa mipaka ya mpango wenyewe, maana mafundi hawaitaji sana. Programu ya Flutter huwa nzito kidogo kuliko iliyoandikwa kwa Android pekee, na mwenye simu iliyojaa picha na bando dogo ataona tofauti. Vifaa kama mashine ndogo ya kuchapisha risiti bado vinaweza kuhitaji kazi ya ziada kwa kila aina ya simu. Airbnb yenyewe iliiacha React Native mwaka 2018, ikarudi kuandika kila upande peke yake, ingawa ile ni kampuni yenye mafundi wengi na fedha nyingi.

Halafu kuna vitochi. Hakuna zana hata moja kati ya hizi inayomfikia mama muuza dagaa mwenye simu ya vitufe. Kwake itabidi kuwe na menyu ya nyota na reli kama ile ya kutuma pesa, na hiyo ni gharama nyingine. Kikundi chenye wanachama wengi wa aina hiyo kianze na menyu, programu ije baadaye.

Jambo ambalo vikundi husahau zaidi ni jina. Akaunti ya kuweka programu kwenye duka la Google hulipiwa dola 25 mara moja. Ya Apple dola 99 kila mwaka, na programu ya iPhone huhitaji kompyuta ya Mac kuikamilisha. Akaunti hizo zikifunguliwa kwa jina la fundi, siku akihama mji kikundi hakiwezi hata kubadilisha namba ya simu iliyoandikwa ndani. Mkataba useme kwamba akaunti na msimbo wote ni mali ya kikundi, na nakala ya msimbo ikabidhiwe kila malipo yanapofanyika, isisubiri mwisho wa kazi.

Kwa akaunti mpya za mtu binafsi, Google hutaka programu ijaribiwe kwanza na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Wengi huwajaza ndugu zao ili sharti lipite. Kikundi kitumie nafasi hiyo kuweka watu wa pande zote mbili za mpaka, wenye Android za bei ndogo, na angalau mmoja anayeshinda ghalani ambako mtandao hukatika, aone kama oda aliyoiandika bila mtandao itafika ukirudi, na ikifika, itafika mara moja au mara mbili.