Funga au Fungua? Joto la Injini ya Bodaboda na Istilahi za Mafundi Mpakani Busia na Malaba

Utangulizi

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii hutajwa sana katika mijadala ya adabu ya mazungumzo. Katika vibanda vya mafundi wa pikipiki mjini Busia na Malaba ina maana nyingine iliyo dhahiri zaidi: neno moja likieleweka visivyo, injini huungua. Makala haya yanafafanua jinsi injini ya bodaboda inavyorekebishwa na mambo yanayopandisha au kushusha joto lake. Aidha, yanaonyesha kwamba suala hili la ufundi ni suala la istilahi pia, na kwa hivyo linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Mpaka, baiskeli na pikipiki

Neno bodaboda lenyewe ni mtoto wa mpaka huu. Katika miaka ya 1960, wenye baiskeli walianza kuwabeba wasafiri na mizigo yao kati ya vituo vya Kenya na Uganda. Walikuwa wakinadi huduma yao kwa kutaja mwanzo na mwisho wa safari: kutoka mpaka hadi mpaka. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka likatoholewa, likakaririwa, na kwa njia ya uradidi likazaliwa jina la chombo, la kazi na la mtu anayeifanya. Leo jina hilo linatumika mbali sana na chimbuko lake.

Baiskeli haikuwa na joto la kuhofiwa, kwani aliyechemka ni mwendeshaji. Mambo yalibadilika pikipiki zilipoenea, hasa baada ya mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 250. Nyingi ya zile zinazobeba abiria, kama vile Bajaj Boxer na TVS kutoka India, zina injini ya silinda moja, ya mipigo minne, yenye ujazo wa kati ya sentimita 100 na 150. Injini hizi hazina rejeta. Hupozwa na upepo unaopita katikati ya mapezi ya silinda, na oili iliyomo ndani, ambayo kwa kawaida ni takriban lita 1.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ya mpakani unapoanza. Pikipiki iliyobeba abiria wawili na gunia la mahindi, ikijipenyeza polepole kando ya foleni ya malori, hufanya kazi nzito bila kupata upepo wa kutosha. Mapezi yakifunikwa na matope, au oili ikipungua, joto halina pa kwenda.

Hewa, petroli na joto

Kabureta ndiyo jiko la injini hii. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia katika silinda na kuwashwa na plagi. Ili petroli iungue yote bila kubakiza hewa, kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Petroli ikizidi kipimo hicho, mchanganyiko huitwa mzito; ikipungua, huitwa mwepesi.

Mtu asiyejua angedhani kwamba petroli nyingi ndiyo inayoleta joto jingi. Ukweli ni kinyume. Injini ya pikipiki hutengenezwa ifanye kazi ikiwa na mchanganyiko mzito kidogo inapobeba mzigo. Petroli hiyo ya ziada, inapogeuka kuwa mvuke, hunyonya joto na kuipoza silinda. Ikipunguzwa, kinga hiyo huondoka na joto la kichwa cha silinda hupanda. Mchanganyiko ukiwa mwepesi zaidi, huungua polepole, moto ukachelewa kuzimika hata vali ya kutolea moshi inapofunguka. Matokeo yake ni vali kuungua, pistoni kutanuka na kukwaruza silinda, na hatimaye injini kunoki, kama wasemavyo mafundi.

Kwa hiyo, mwendeshaji anayemwambia fundi ampunguzie mafuta ili abakie na faida kubwa jioni huenda ananunua joto kwa pesa zake mwenyewe. Anachookoa kwa siku ni shilingi chache. Anachoweza kupoteza ni chombo ambacho pengine bado anakilipia mkopo.

Vyanzo vingine vya wepesi havionekani kwa urahisi. Mpira unaounganisha kabureta na silinda ukipasuka, hewa huingia bila kupimwa. Uchafu ukiziba jeti, petroli hupungua. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta madhara ya namna nyingine: huwaka kabla ya wakati wake na kuigonga pistoni. Tatizo la uchanganyaji huo lilikuwa kubwa kiasi cha serikali ya Kenya kutoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuuzuia.

Mahali pia pana athari. Busia iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi kidogo ya asilimia 10. Kabureta iliyopimwa pwani itakuwa na mchanganyiko mzito kiasi ikifika Busia. Ile iliyopimwa milimani itakuwa na mchanganyiko mwepesi ikishuka, na itachemka.

Kuisoma injini

Fundi wa kando ya barabara mara nyingi hana kipimajoto. Yeye huisoma injini kama msomaji asomavyo matini. Huifungua plagi na kuitazama rangi: masizi meusi ni ishara ya mchanganyiko mzito, weupe wa majivu ni ishara ya wepesi na joto kali, na rangi ya kahawia ni ishara ya uwiano unaofaa. Husikiliza mlio: injini yenye petroli haba husitasita inapoongezwa mafuta ghafla, na mngurumo wake huchelewa kushuka baada ya mafuta kuachiliwa. Jambo moja ambalo fundi makini hukataza ni kuimwagia maji baridi injini iliyochemka. Chuma hujikunja ghafla na huweza kupasuka. Dawa yake ni kuizima na kuiacha ipoe yenyewe.

Lugha ya mafundi hawa imejaa tashihisi. Injini hula mafuta, hukohoa, huchoka na hufa. Tashihisi hizi si pambo tu, kwani kila moja ni utambuzi wa ugonjwa fulani, na aliyezoea huzitofautisha bila shida.

Funga au fungua?

Utata uko katika vitenzi viwili vya kawaida kabisa: kufunga na kufungua. Kabureta ina skrubu ndogo inayosawazisha mchanganyiko wakati injini inanguruma bila mzigo au inapokwenda polepole. Katika kabureta za aina moja, skrubu hiyo iko upande wa kichujio cha hewa na hupima hewa. Ukiifunga, hewa hupungua na mchanganyiko huwa mzito. Katika aina nyingine iko upande wa injini na hupima mafuta. Ukiifunga, mafuta hupungua na mchanganyiko huwa mwepesi. Amri ni ile ile, "funga kidogo", lakini matokeo yanapingana.

Fikiria sasa mandhari ya kibanda. Fundi huenda ni Mteso wa Malaba, mteja ni Msamia au Mkhayo, na mwingine amevuka kutoka Uganda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mteja akisema "funga", je, anataka skrubu ifungwe, au mafuta yafungwe? Fundi stadi hupuuza kitenzi na kuuliza kusudi. Kisha huipasha injini moto, huifunga skrubu taratibu hadi ikome, huifungua huku akihesabu mizunguko, na husimama pale mngurumo unapokuwa wa juu na wa utulivu. Robo ya mzunguko inatosha kuleta tofauti. Kwa mwendo wa kati hurekebisha sindano, ambayo ikiinuliwa huongeza petroli. Kwa mwendo wa kasi huchagua jeti kuu. Hivyo "kupunguza mafuta" kunaweza kuwa kazi tatu tofauti.

Ulinganisho na vijigari vya mchezo unafaa hapa. Katika Ulaya, Marekani na kwingineko, wapo watu wanaoendesha kwa rimoti vijigari vyenye injini ndogo ya mipigo miwili, inayotumia methanoli, nitromethani na oili iliyochanganywa humo humo. Kwa kuwa oili husafiri pamoja na mafuta, kupunguza mafuta ni kupunguza pia ulainisho, na injini huharibika upesi. Wenye vijigari hivyo hupima joto la kichwa cha injini, ambalo wengi hulidumisha kati ya nyuzi 100 na 130 za Selsiasi. Hata hivyo, sindano zao hupima mafuta daima, na kuifunga ni kupunguza. Kanuni ya joto ni ile ile ya bodaboda, ila neno lao halina utata.

Hitimisho

Dawa ya utata huu ni rahisi: kutenganisha majina. Skrubu ya hewa iitwe hivyo, na skrubu ya mafuta iitwe hivyo. Badala ya "funga" na "fungua" pasipo kikamilisho, isemwe "ongeza petroli" au "punguza petroli". Pikipiki za umeme zimeanza kuingia Kenya, lakini kabureta bado zitakuwepo kwa muda. Wanaisimu wameunda istilahi nyingi wakiwa maktabani. Mpakani, ambako jina bodaboda lilizaliwa bila kamati yoyote, istilahi zinaundwa kila siku kwa bisibisi. Mtaalamu wa lugha anayetaka kuziorodhesha na kuzisanifisha hana budi kwenda kibandani na kuanza na swali lile lile la fundi: unataka injini ifanye nini?